Bi Kimya Anaiaga Pasi Kubwa

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, msimamizi wa kitengo cha dobi atavua aproni yake na kuirudisha stoo. Atakuwa ameitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na minne na siku sita. Siku sita hizo amezihesabu mwenyewe na kusisitiza ziandikwe, kwa hiyo nimeziandika.

Mhariri wa jarida letu alinipa kazi hii kwa sababu mimi, fundi wa mitambo, nimekaa naye ukuta kwa ukuta kwa miaka ishirini na mmoja. Aliniomba kurasa mbili za kuchangamsha. Nitachangamsha pale panapochangamka. Kwingine mtanisamehe, maana mstaafu mwenyewe alinijia karakana, akasimama mlangoni na kuniambia, "Fundi, ukiniandika, usiniandike nusu." Mimi na yeye tumeshawahi kuandika nusu, na nitafika huko.

Aliajiriwa akiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Siku hizo dobi ilikuwa mabeseni kumi na mawili ya saruji na mzee mmoja aliyetafuna njiti ya kiberiti tangu asubuhi hadi jioni. Mzee huyo hakumweleza kitu. Alimsimamisha pembeni yake siku tatu atazame, siku ya nne akampa shuka. Baada ya mwaka mmoja yule binti alikuwa akifua vizuri kuliko mzee, na alikuwa akitafuna njiti. Njiti aliiacha alipopata mimba ya kwanza, kwa amri ya mkunga. Namna ile ya kufundisha hakuiacha.

Ndiyo maana tukampachika jina la Bi Kimya. Kwa mgeni yeyote somo lake lilikuwa neno moja tu: "Niangalie." Aliyeuliza swali alitazamwa kwa huruma, kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

Na watu waliangalia kwelikweli. Mwana hutazama kisogo cha nina, na kisogo cha Bi Kimya kimetazamwa na kila aliyepita dobi, wakiwamo wanaume wenye ndevu zao. Nenda leo uwaone wakikunja mashuka: wote wameinamisha shingo upande wa kushoto. Yeye huinamisha kwa sababu shingo ilimkaza tangu ujana na haijawahi kupona. Wao shingo zao ni nzima kabisa.

Halafu kuna habari ya meza. Kila mtu wa dobi huigonga meza mara mbili kabla ya kulaza shuka la kukunja. Mwaka mmoja alikuja mkaguzi kutoka nje, akauliza sababu. Wa kwanza akamwambia ni kwa ajili ya kunyoosha pindo. Wa pili akasema ni mambo ya usafi. Wa tatu, ambaye alikuwa akiogopa wakaguzi, akasema ni utaratibu. Alipoulizwa Bi Kimya alifikiri kidogo, kisha akajibu, "Mende." Meza ya zamani ilikuwa ya mbao zenye nyufa, naye alikuwa akiigonga ili mende watoke kabla hajaweka shuka safi. Meza hiyo ilichomwa moto miaka kumi na minne iliyopita. Ya sasa ni ya chuma na sidhani kama imewahi kuonana na mende. Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani. Wiki iliyofuata tuliendelea kugonga. Mimi nikiweka spana mezani kwangu nagonga, na mimi si dobi.

Sifa zake kazini hazihitaji chumvi. Chini ya usimamizi wake haukuwahi kuahirishwa upasuaji hata mmoja kwa kukosa nguo safi, pamoja na ile wiki ya ukame wa mabomba ambapo alifua magauni ya upasuaji kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mapipa. Vitu vya watu vilivyosahaulika mifukoni alivirudisha vyote: pete, funguo, na safari moja meno ya bandia ya daktari ambaye simtaji, kwa kuwa bado anayatafunia. Alipata cheti cha mfanyakazi bora mara tatu. Kimoja alikibandika ndani ya mlango wa choo cha dobi, ili mtu akikaa apate cha kusoma.

Hapo ndipo wasifu wa aina hii kwa kawaida hugeukia shukrani. Lakini niliambiwa nisiandike nusu.

Miaka sita iliyopita mdogo wake wa kiume alifariki, akaacha mke na watoto wawili. Bi Kimya alimwombea wifi yake kazi, akapata. Tunajua ilivyo, wifi na wifi aghalabu hawapikiki chungu kimoja. Hawa walipikika. Wifi huyo alikuwa mwenye maneno. Kabla hajaingia mlangoni habari zake zimeshatangulia, na siku ya pili tu akawa ameshapewa jina la Redio. Bi Kimya alikuwa akimsikiliza kutwa nzima bila kujibu, na jioni wanaondoka pamoja, mmoja anasema, mwingine anatikisa kichwa. Nilimwona akicheka zaidi katika majuma yale kuliko miaka yote niliyomjua.

Wasiowahi kufika dobi niwaeleze pasi kubwa. Ni mashine yenye silinda mbili za moto. Shuka bichi linaingia upande huu, linatoka upande wa pili likiwa kavu, limenyooka. Likiingia na kona iliyojikunja, mtu huingiza vidole akaivuta ile kona kabla silinda hazijaimeza. Sasa, chini karibu na sakafu ipo pedali. Ukiikanyaga silinda zinasimama, ukiiachia zinaendelea. Bi Kimya alikuwa akikanyaga, akivuta na kuachia, yote kwa muda wa kupiga chafya moja. Ukimtazama juujuu ungeapa kwamba mashine haikusimama.

Sisi wa zamani tulijifunza enzi za aproni za kitambaa, zile zilizoishia magotini, na mguu wake tuliuona. Baadaye stoo ilileta aproni za turubai, saizi moja kwa wote, zilizokatwa kwa mtu mrefu. Bi Kimya ni mfupi, na hilo silisemi kwa ubaya. Aproni yake ilifagia sakafu. Kwa miaka miwili hakuajiriwa mtu mpya dobi, kwa hiyo hakuna aliyeona tatizo. Wa kwanza kujifunza pasi kubwa kwa mtu aliyevaa turubai alikuwa Redio.

Alipohamishiwa pasi kubwa alitazama siku tatu, kama ilivyo desturi yetu. Hata maneno aliyaacha, tukataniana kwamba betri zimekwisha. Alikuwa anaipenda kazi, na alitaka wifi yake asiaibike kwa kumleta.

Siku ya nne ilikuwa Jumanne. Saa nne na dakika ishirini asubuhi shuka liliingia na kona iliyojikunja. Redio alinyoosha vidole, kiganja kikitazama chini, shingo ameiinamisha kushoto, akaingiza mkono. Alifanya kila alichokiona na hakukosea hata kimoja. Mimi nilikuwa karakana, nikasikia sauti yake kupitia ukutani, nikakata umeme. Nilipofika, Bi Kimya alikuwa amesimama juu ya pedali kwa miguu yote miwili. Mashine ilikuwa imekwisha simama, lakini hakutaka kushuka, ikabidi nimshike kiunoni nimteremshe.

Madaktari wetu walifanya walichoweza. Redio alibaki na kidole gumba na kidole cha mwisho kwenye mkono wa kulia.

Wiki ile ile liliundwa jopo la uchunguzi, watu watatu, wakakaa kwenye chumba cha kuhifadhia mablanketi. Tuliitwa mmoja mmoja, watu kumi na mmoja, na sote tulisubiri kwenye benchi la ukumbini. Bi Kimya aliingia wa kwanza kwa sababu ni msimamizi. Akaulizwa kama alimfundisha mfanyakazi yule kuingiza mkono kwenye silinda zinazozunguka. Akajibu, "Hakufundishwa hivyo," akaandika, akatia sahihi. Neno lenyewe lilikuwa la kweli, maana yeye hakuwahi kumfundisha mtu yeyote kwa mdomo. Baadaye aliniambia kwamba aliliona jibu lile liko tayari ulimini, akalishika, kwa hofu tu.

Alipotoka, wa pili alimuuliza pale benchini, "Umesemaje?"

"Nimesema hakufundishwa hivyo."

Wa pili akaingia, akaandika vivyo hivyo. Wa tatu vivyo hivyo. Mimi nilikuwa wa nne. Mimi ndiye niliyekuwa nikiipaka grisi pedali ile kila baada ya miezi mitatu. Nilijua mpira wake umelika kwa unyayo wa mtu mmoja, na nilijua aproni ile inafunika nini. Niliingia nikaandika, "Hakufundishwa hivyo." Wa saba alikuwa likizo siku ya ajali, hata hospitalini hakuwapo, naye aliandika hivyo hivyo. Tulizoea kumtazama Bi Kimya kisha tukafanya. Hatukuamriwa na mtu.

Ripoti ikasema sababu ya ajali ni uzembe binafsi wa mfanyakazi. Redio aliachishwa kazi kwa barua yenye maneno hayo, na kila alikokwenda kuomba kazi aliulizwa barua ya mwisho. Pasi kubwa ilifungwa nondo ya kinga ndani ya wiki mbili. Redio hakumsemesha tena wifi yake. Wakikutana kwenye shughuli za ukoo alihama upande wa pili wa chumba. Watoto waliendelea kumwamkia shangazi yao, lakini kwa haraka, wakiangalia nyuma.

Vijana wapya wa dobi hushangaa kwa nini tunamwita Bi Kimya mtu anayeongea bila kupumua. Hawajui kwamba maneno hayo yote yalianza baada ya ajali. Alichukua mkasi kwenye chumba cha cherehani, akaikata aproni yake mpaka chini ya goti, yeye mwanamke mwenye haya ambaye hata jua kali halikuwahi kumfanya apandishe gauni. Kwa kila anayejifunza anasema kila hatua, mara tatu tatu, na akifika kwenye pedali anamshika mtu kichwa kabisa, anamwinamisha: "Usiangalie mikono yangu. Angalia mguu. Mguu, mwanangu." Sauti yake ilikuwa nyororo, sasa ni ya kukwaruza. Katika miaka sita hii hakuna aliyeumia pale. Ningependa kuliita hilo fanikio, na ni fanikio, ila yeye hapendi litajwe.

Mwezi uliopita alikwenda kwa afisa utumishi kuomba maelezo yake yafutwe. Afisa huyu ni mgeni kwetu na ni mtu muungwana. Alimwambia, "Mama, faili hilo lilishafungwa. Umebakiza wiki nne. Usijitafutie balaa mlangoni." Bi Kimya akaomba karatasi. Aliandika kwa mkono wake kwamba alimfundisha wifi yake kwa vitendo, kwamba alichokifanya wifi yake ndicho alichokiona, na kwamba yeye aliulizwa akaficha. Akapigiwa mhuri wa kupokelewa kwenye barua na kwenye nakala yake.

Hakumwomba mtu yeyote amfuate. Nasi hatukumfuata. Hilo nalo naliandika, kwa sababu lilinishangaza: kwa mara ya kwanza katika miaka yote Bi Kimya alifanya jambo na hakuna aliyeiga. Dobi nzima ilijua, lakini tukaanza kuwa na shughuli nyingi, wa kumtazama usoni akawa hayupo. Aliyekuwa wa pili benchini alisema maji yakimwagika hayazoleki. Nikaitikia kwa kichwa.

Jumamosi iliyofuata alinijia tena. "Nisindikize kwa wifi," alisema, "nisije nikaishia mlangoni." Nilikwenda. Sikwenda kwa ushujaa. Nilishindwa tu kupata uongo wa haraka.

Redio anaishi vyumba viwili nyuma ya duka la mbao. Anakunja na kupiga pasi nguo za majirani. Mlango ulikuwa wazi, akatuona, hakuinuka wala hakutufukuza. Alikuwa anakunja shuka. Mkono wa kushoto ulishika kona moja, na kona ya pili aliibana kwa meno, kwa kuwa mkono wa kulia hauwezi kuibana. Pembeni yake alikaa binti yake, sasa ana miaka kumi na minne, naye anakunja. Binti ana vidole kumi vyote. Kona moja kaishika kwa mkono wa kushoto, na nyingine kaibana kwa meno.

Bi Kimya aliliona hilo kabla yangu. Alishika fremu ya mlango, akasema, "Mwanangu, wewe una mikono miwili," kisha akalia, kilio cha sauti, mchana kweupe, mbele ya mafundi wa duka la mbao waliokuja kuchungulia. Binti alilitoa shuka mdomoni akalitazama, kisha akamtazama mama yake, kama mtu aliyeambiwa ana doa mgongoni.

Redio alimwacha wifi yake alie mpaka akamaliza. Akanyoosha mkono, ule wa kushoto, akapokea nakala ya barua, akaisoma polepole, akarudia.

"Nimekusikia, wifi," alisema. "Karibu ukae. Lakini barua hii ni ya mtu mmoja, na anastaafu. Watasema ni uzee. Mimi niliandikwa mzembe na watu kumi na mmoja." Kisha akanigeukia mimi, na kwa sauti ile ile ya zamani, sauti ya habari za asubuhi, akaniuliza, "Eti fundi? Nyinyi wengine mlikuwa mnaangalia nini?"

Nilisema nitaangalia kama pasi yake ina waya mbovu. Kweli nilisema hivyo, na nikaitazama. Ilikuwa nzima. Nilikaa nayo mapajani muda mrefu kuliko inavyostahili pasi nzima, na nilipoinua macho wale mawifi wawili walikuwa wanakunja shuka moja, mmoja kila upande. Huo haukuwa msamaha. Redio aliniambia hivyo waziwazi nilipokuwa natoka, nisije nikasambaza uvumi. Alisema kazi ya watu ilikuwa nyingi na mikono ilikuwa pungufu.

Hatakuja kwenye hafla Ijumaa. Kadi alipelekewa, akairudisha, akisema hawezi kuingia kwenye jengo ambamo yeye bado ni mzembe. Bi Kimya ameniambia kwamba saa, kanga, kiti cha kupumzikia na chochote kile tulichomchangia atakipokea kwa heshima, lakini zawadi anayoitaka tunaijua.

Basi, dada yetu, ahsante kwa miaka thelathini na minne na siku sita. Ahsante kwa maelfu ya wagonjwa waliolala juu ya kitu safi wasijue ni kazi ya nani. Ahsante kwa kutufundisha tulipokuwa hatujui kwamba tunafundishwa. Nenda kapumzike, shingo yako ipate mto mzuri, magoti yako yapate kiti, na usingizi ukujie wote bila kupunguka. Na ikiwa jarida hili mmelishika mkononi, basi mhariri hakukata kitu, naye namshukuru pia.

Benchi lile lilikuwa na watu kumi na mmoja. Wawili wetu wamekwisha tangulia mbele ya haki. Ukinitoa mimi na mstaafu, wamebaki saba, na Ijumaa wote saba watakaa safu ya mbele. Nawajua: watasubiri mtu mmoja aanze kupiga makofi ndipo wapige. Ndugu zangu, ofisi ya afisa utumishi ni mlango wa tatu kushoto, na hufunguliwa saa mbili asubuhi. Mimi niliingia Jumatatu na nimeshatoka. Mkiniuliza nimesemaje, nimesema alifundishwa.